Makande ya Jumapili huharibika Jumapili usiku

Swali: Shikamoo mama. Naishi Morogoro na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Kila Jumapili jioni nachemsha makande ya kututosha mpaka Jumatano, maana siku za kazi sina muda wa kusimamia maharage. Yakiiva, kwenye saa nne usiku, naepua na kuyaacha na mfuniko wake yapoe. Asubuhi nayachemsha tena ndipo naweka friji. Jumatatu ya wiki iliyopita mtoto wa kati alikula saa saba mchana, saa tisa akaanza kutapika. Alitapika mara nne, kufika usiku akawa anacheza. Mume wangu anasema siku tatu ni nyingi mno, tuache. Mama mkwe anasema chakula kikichemka tena hakina neno, wao wamekula hivyo maisha yote. Na kweli hayakuwa na harufu wala hayakuchacha. Nani mkweli? Na mahindi ya kuchemsha, yale ya magunzi, yakibaki niyaweke vipi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguliwa. Nianze na mume wako, maana jibu lake ni fupi: Jumatano haina kosa. Makande yaliyopoozwa vizuri yakakaa kwenye friji yenye ubaridi wa nyuzi joto 5 kushuka chini hufika siku ya tatu, hata ya nne, yakiwa salama. Kosa liko kati ya saa nne usiku wa Jumapili na saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu, wakati nyote mmelala na sufuria imekaa jikoni imefunikwa. Angalia hata mtoto mwenyewe aliumwa lini. Ni Jumatatu, siku ambayo makande yako yalikuwa bado "mapya".

Ndani ya sufuria mambo yalikwenda hivi. Mahindi na maharage hutoka shambani na vumbi lake, na hata uyaoshe maji matatu hutalimaliza lote. Kwenye vumbi hilo huwamo bakteria wawili ninaokutana nao kila mara katika kazi hii: Bacillus cereus na Clostridium perfringens. Majina marefu, lakini tabia yao ni moja. Hali ikiwawia ngumu hujifungia ndani ya ganda gumu, mfano wa mbegu inayosubiri mvua, na ganda hilo tunaliita spora. Ukichemsha masaa matatu unaua bakteria waliokuwa macho, ila kuna spora zinazobaki. Tena kuna jambo la kushangaza hapo: joto la kupikia ndilo linaloziamsha. Sufuria ikiwa inatokota haziwezi kufanya lolote. Ukiepua, joto likashuka chini ya nyuzi 60, kwao mvua imenyesha: chakula tele, maji tele, na washindani wao wote umeshawaua wewe mwenyewe kwa moto.

Huyo perfringens akiwa kwenye joto la nyuzi 43 mpaka 47 huweza kuongezeka mara mbili kila baada ya dakika kumi hivi. Piga hesabu: mmoja baada ya saa moja ni 64, baada ya masaa mawili 4,096, baada ya matatu ni 262,144. Na hawi mmoja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani katika kanuni zake tano za chakula salama linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili. Wewe uliyapa makande masaa manane.

Utaniambia, "Lakini si yalikuwa yanapoa?" Hapo ndipo sufuria inapodanganya. Nimewahi kufanya jaribio jikoni kwangu: sufuria kubwa ya makande, mfuniko juu, imekaa mezani tangu usiku. Alfajiri nikagusa ubavu wake, umepoa kabisa. Nikafunua, juu kumeganda utando kidogo, pamepoa pia. Nikachoma kipimajoto mpaka katikati, pale mahindi yaliposhonana na maharage, bado vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Uji mzito na nafaka iliyoshikana havipitishi joto haraka, na mfuniko unazuia mvuke kutoka. Kwa hiyo makande yako hayapoi usiku, yanaatamiwa kama mayai.

Sasa kwa mama mkwe. Kuchemsha tena asubuhi kunaua bakteria waliozaliwa usiku, hapo anasema kweli. Tatizo ni alichokiacha cereus. Akistawi kwenye chakula cha wanga huweza kutoa sumu inayoitwa sereulidi, na sumu hiyo imewahi kuwekwa kwenye nyuzi 121 kwa dakika 90 isivunjike. Maji ya jikoni kwako yanaishia 100. Unaweza kuyachemsha makande mpaka maharage yawe rojo, sumu itakuwemo palepale. Haina harufu, haina rangi, haibadilishi ladha. Kuchacha, kuteleza na kuvutika kama mlenda ni kazi ya viumbe wengine kabisa, hivyo pua yako ilisema kweli kwamba hayajachacha, na bado yakamtapisha mtoto.

Siwezi kuapa ni nini kilimpata, sikupima chakula hicho. Lakini sumu hii hutapisha kati ya nusu saa na masaa sita baada ya kula, kisha kwa wengi huisha ndani ya siku moja. Saa saba mpaka saa tisa, mara nne, usiku anacheza: inafanana nayo sana. Ingekuwa perfringens ungeona zaidi tumbo la kukata na kuharisha, na lingeanza baada ya masaa sita au zaidi. Yupo na wa tatu, Staphylococcus, anayetoka mikononi na puani kwetu, naye hutapisha haraka namna hiyohiyo na sumu yake pia haiogopi moto. Huyu huingia pale mtu anapoonja kwa upawa kisha anaurudisha sufuriani, au anapopakua akiwa na kidonda kidoleni.

Hata hivyo usimwambie mama mkwe kwamba alikuwa anakosea. Muulize kwanza makande kwao yalipikwaje. Naamini atakueleza habari ya mafiga, gogo lililosukumwa ndani, makaa yakafukiwa majivu, na chungu kikabaki juu yake mpaka kunapambazuka. Chungu cha namna hiyo kikiwa kinatokota polepole usiku kucha, hakijashuka chini ya nyuzi 60, na spora hazikupata nafasi. Walikuwa hawapoozi chakula, walikuwa wanakiweka motoni. Sisi tumerithi nusu ya utaratibu: tumechukua kuchemsha asubuhi, tukazima gesi usiku. Na zile mara ambazo watu waliugua, nani alihesabu? Mtoto akitapika siku moja na kupona tulisema ni homa, au amekula embe bichi.

Tuje kwenye la kufanya. La kwanza litakusaidia kuliko yote yanayofuata: hamisha mapishi. Loweka Jumamosi usiku, bandika Jumapili asubuhi, makande yaive mchana wakati una macho na mikono. Chakula kikiiva saa nne usiku kitapoozwa na mtu mwenye usingizi, na mtu mwenye usingizi hufunika sufuria akaenda kulala. Simlaumu, nami nimewahi kuwa yeye.

La pili, gawa makande, yasilale kwenye sufuria moja. Makande yakishaiva, chuja maji yaliyozidi (supu ile ni tamu, inywe ikiwa ya moto), toa ya kula siku hiyo, halafu mwaga yaliyobaki kwenye sinia. Namaanisha sinia lile la pilau, pana, na makande yasizidi unene wa vidole viwili. Yapitishe mwiko mara mbili tatu mvuke utoke. Funika kwa kawa au neti ya chakula, nzi wasitue, lakini usifunike kwa kitu kinachozuia hewa. Kama una haraka au siku ni ya joto kali, weka sinia juu ya beseni la maji ya baridi. Ukigusa na kuona uvuguvugu mdogo tu, yaingize kwenye makontena madogo, kina cha vidole vinne hivi, kila kontena mlo mmoja, na yaende friji. Yakishapoa ndani ndipo ufunge mifuniko kabisa. Kutoka kuepua mpaka friji usipite masaa mawili.

Watu wengi wanaogopa kwamba chakula chenye uvuguvugu kitaua friji. Hakiui. Sufuria nzima inayofuka moshi ndiyo mbaya, kwa sababu inapasha joto maziwa na nyama iliyo jirani, na yenyewe katikati inachukua masaa mengi kupoa hata humo ndani. Kontena dogo lenye uvuguvugu friji italimaliza bila shida. Usisubiri yawe baridi ya kifo.

La tatu ulikwishalijua bila kujijua, na bibi zetu walilijua: makande ya kuweka yasiungwe. Yachemshe meupe, na chumvi ukipenda. Kitunguu, nyanya, karoti na hasa tui la nazi viingie siku ya kula, kwa fungu la siku hiyo tu. Tui likishaingia unaongeza chakula kingine kinachoharibika upesi, na ladha ya makande ya nazi ya siku ya tatu hata ikiwa salama haina raha.

Kupasha: toa kontena moja, si yote. Weka na maji kidogo, koroga, subiri mpaka yatokote kote, katikati na pembeni, si povu la ukingoni. Katikati pafike angalau nyuzi 70. Yakibaki baada ya hapo, yameshamaliza safari. Ukiyarudisha friji na kuyapasha tena unayapitisha tena kwenye lile joto la katikati, kwenda na kurudi.

Bandika karatasi juu ya kila kontena uandike siku. Jumapili ukihesabu vizuri inakupeleka Jumatano, hata Alhamisi. Hapo ndipo mwisho.

Umeme ukikatika, usiifungue friji kila dakika kuangalia kama vitu vimeharibika. Kuangalia huko ndiko kunakoviharibu. Friji iliyofungwa hushika ubaridi masaa manne hivi. Friza iliyojaa hushika mpaka masaa 48, iliyojaa nusu 24. Kama mmetoka nyumbani na hujui umeme ulikatika muda gani, kuna mbinu ya zamani: gandisha kikombe cha maji kwenye friza, weka shilingi juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena wakati hupo, na kila kilichopikwa humo kina kesi ya kujibu. Kwa makande ya friji yaliyokosa umeme zaidi ya masaa manne na yameshapata joto, mimi ningeyamwaga.

Mama wa jirani asiye na friji akikuuliza, mwambie ukweli: makande ya kulala si yake. Apime ya siku moja. Akitaka kurahisisha kazi, aloweke usiku, mahindi na maharage mabichi ndani ya maji safi, amwage maji hayo asubuhi na kupika kwa maji mapya. Hotipoti inasaidia kwa chakula cha mchana kilichopikwa asubuhi, kikiingia kinatokota na hotipoti yenyewe ikiwa imepashwa kwanza kwa maji ya moto, lakini hotipoti haina moto wake. Ukifunua ukakuta chakula hakitoi mvuke tena, saa yake imeanza kuhesabu.

Sasa mahindi yako ya magunzi. Kosa la nyumba nyingi ni kuyaacha ndani ya maji yaliyoyachemsha, yakielea mpaka kesho. Maji yale yana sukari na wanga uliotoka kwenye mahindi, ni uji mwepesi wa bakteria. Yatoe yakiwa ya moto, yapange kwenye ungo au chujio yakauke mvuke. Kama yanakwenda friji siku hiyo, ndani ya masaa mawili yafunge vizuri kwenye mfuko au kontena, yasikauke na kuwa magumu kama kokoto. Siku tatu mpaka nne yanakaa. Mimi napenda kuyapukuchua kabisa: punje hupoa haraka kuliko gunzi zima, hazichukui nafasi, na kesho yake zinaingia kwenye mboga, kwenye wali, au zinakaangwa na kitunguu. Uyapukuchue kwa mikono iliyooshwa na sabuni, maana hayo hayatachemshwa tena masaa matatu. Gunzi ambalo mtu ameshaling'ata lisirudi kwenye kontena la wenzake. Mahindi ya kopo yakifunguliwa nayo yahamishe kwenye chombo chenye mfuniko, usiyaache kwenye kopo.

Kuna dada mmoja aliniuliza kama anaweza kuyafunga mahindi yaliyopikwa kwenye chupa za jamu na kuzichemsha kwenye sufuria ili zikae kabatini miezi. Hapana. Mahindi hayana ukali wa asidi, na chupa isiyo na hewa ni nyumba ya Clostridium botulinum, ambaye sumu yake inapoozesha misuli mpaka ile ya kupumulia. Viwanda hutumia mitambo ya mgandamizo inayozidi nyuzi 100. Sufuria ya kawaida haifiki huko.

Friza ndiyo njia ya kuweka muda mrefu, nyuzi 18 chini ya sifuri, makande meupe au punje, kwenye mifuko iliyolazwa bapa. Miezi mitatu mpaka minne bado yana ladha. Ila friza inasimamisha tu, haifuti. Mwezi Oktoba 2020, kaunti ya Jidong huko Heilongjiang, kaskazini mashariki ya China, familia moja ilikula tambi za unga wa mahindi uliochachushwa, zilizokuwa zimekaa friza karibu mwaka mzima. Watu tisa walifariki. Vijana watatu waliokuwa mezani hawakupenda ladha yake, hawakula, wakapona. Sumu iliyokutwa ni asidi ya bongkreki, inayotolewa na bakteria wa jamii ya Burkholderia. Ndiyo hiyohiyo iliyohusishwa na vifo vya watu 75 huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, Januari 2015, waliokunywa pombe ya unga wa mahindi msibani. Makande yako ya kuchemsha si chakula cha namna hiyo, usipoteze usingizi. Nimekitaja kwa sababu nakutana na watu wanaoweka friza chakula walichokitilia shaka, kama kwamba baridi itakitakasa.

Na usichanganye haya yote na sumukuvu. Hiyo huja kabla ya kupika, kutoka kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yakaota ukungu, na wala kuchemsha hakuiondoi. Ukambani nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki, na kwetu Dodoma na Manyara tuliona msiba wake mwaka 2016. Kwa hiyo yachambue kabla ya kuloweka: punje iliyovunjika, iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi itoke. Mfuko mzima ukiwa unanuka uvundo, urudishe dukani.

Ugali hukuuliza, lakini najua utauliza. Nimekula kiporo cha ugali na chai ya rangi utoto wangu wote na bado nakipenda. Siku hizi nakikata vipande ukiwa bado wa moto, navitandaza kwenye sahani, vikipoa vinaingia friji, asubuhi navikaanga mpaka vishike rangi. Bonge zima lililofunikwa na bakuli mezani mpaka asubuhi ni sufuria yako ileile kwa umbo lingine.

Mtoto akitapika tena siku yoyote, mpe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, kidogokidogo kwa kijiko. Asipoweza kushika hata maji, akilegea au kusinzia isivyo kawaida, akikosa mkojo kwa masaa mengi, au ukiona damu kwenye choo, mpeleke hospitali usisubiri asubuhi.

Na itatokea siku, licha ya yote haya, utapitiwa na usingizi, uamke uyakute makande jikoni na mfuniko wake. Najua bei ya maharage. Yamwage, usimpe hata mbwa, na siku hiyo watoto wale mkate.